Slaveykov, Marinov au Shishmanov: uanze na maisha ya nani?

Mwanafunzi mmoja alinijia na karatasi yenye majina matatu ya Kibulgaria, kila jina kwa wino wa rangi yake. Kazi niliyowapa ilikuwa ileile ya kila mwaka kwenye fasihi simulizi: chagua mtu mmoja aliyekusanya methali, nyimbo au mila za watu wake, soma maisha yake, uje utusimulie. Wenzake wakabaki pwani na Bara. Yeye akaenda hadi Balkani, kusini-mashariki mwa Ulaya, na huko akakwama.

“Mwalimu, wote watatu walifundisha, wote walikusanya mila, wote wana harufu ya siasa. Nimchukue yupi?”

Nilitaka kumjibu papo hapo, nikajikuta nimenyamaza. Jibu linategemea anayeuliza anatafuta nini. Haya yafuatayo ni majibu niliyompa kwa vipande vipande wiki ile, nimeyapanga kwa yeyote mwingine aliyekwama pale pale: mwanafunzi, mwalimu anayetafuta mfano wa kufundishia, au msomaji tu anayependa maisha ya watu.

Ni akina nani hawa

Petko Slaveykov (1827–1895) alikuwa mtoto wa mfua shaba wa Tarnovo, mji wa vilimani ambao zamani ulikuwa makao ya wafalme wa Bulgaria. Alizaliwa nchi ikiwa chini ya Sultani wa Osmania, akafa ikiwa na bunge, katiba na mawaziri, na yeye mwenyewe amepitia viti hivyo. Anajulikana zaidi kama mshairi. Jina lake limetokana na neno “slavey”, ndege yule mwimbaji wa usiku.

Dimitar Marinov (1846–1940) ni wa Vidin, pembe ya kaskazini-magharibi kabisa, kwenye ukingo wa mto Danube. Aliishi miaka 93. Alizaliwa raia wa Sultani, akafa Vita Kuu ya Pili ikiwa imeshaanza.

Ivan Shishmanov (1862–1928) naye ni wa Danube, mji wa Svishtov, ila maisha yake yalikuwa ya treni na vyuo: Vienna, Jena, Geneva, kisha Leipzig alikopata udaktari wa falsafa mwaka 1888. Alifia Oslo, akiwa kwenye mkutano wa waandishi.

Kuna jina la nne ambalo wengi hulitaja, Dimitar Miladinov, mwalimu ambaye yeye na ndugu yake Konstantin walichapisha nyimbo za watu mjini Zagreb mwaka 1861 na kufia gerezani Istanbul mwaka uliofuata. Nimemwacha nje kwa sababu mbili. Hakuwahi kuiona nchi huru, kwa hiyo kigezo cha madaraka hakimhusu. Na ukimgusa tu, unaingia kwenye ugomvi wa Sofia na Skopje, miji mikuu ya Bulgaria na Masedonia, kuhusu ni Mbulgaria au Mmasedonia. Ni mada nzuri, lakini ni mada nyingine.

Vigezo

Nilimwambia kijana wangu asahau umaarufu. Sanamu na majina ya barabara hayakusaidii kuchagua, maana wote watatu wanayo ya kutosha. Tuliwapima kwa mambo manne: darasa liliwafanyia nini, walikusanya kitu gani, kwa njia gani, na kikahifadhiwa vipi, walipokaribia madaraka walifanya nini na wakalipa bei gani, na mwisho, jambo ambalo watu hulisahau mpaka maji yawafike shingoni, je, wewe msomaji wa leo unaweza kuwafikia?

Darasani

Kwa Slaveykov ualimu ulikuwa safari. Alianza mwaka 1843, ana miaka kumi na sita tu, mjini kwao. Wakati huo kanisa la Wabulgaria lilikuwa chini ya Patriaki wa Istanbul, na maaskofu wengi walikuwa Wagiriki. Kijana akatunga shairi la kumdhihaki askofu wa Tarnovo. Shairi likapita mdomo kwa mdomo, na mwalimu akapoteza kazi. Kuanzia hapo ni mji huu mwaka huu, mji ule mwaka ujao: Vratsa, Pleven, Sevlievo, Tryavna na kwingine. Tryavna alipata mke. Ndiko alikozaliwa mwanawe Pencho, ambaye baadaye alimpita baba kwa ushairi, au ndivyo wanavyobishana Wabulgaria wenyewe.

Mwalimu wa kufukuzwafukuzwa ana faida moja ambayo mwalimu wa kudumu hana: kila mji unampa masikio mapya. Lahaja nyingine, mizaha mingine, methali nyingine. Ukisoma maisha ya Slaveykov usiziruke hizo sehemu za kuhamahama ukidhani ni shida tu. Ndizo zilizokuwa uwandani kwake.

Marinov alifundisha Lom, bandari ndogo ya Danube si mbali sana na kwao, na baada ya uhuru wa 1878 akapitia kazi za mahakama na za elimu. Alizunguka, lakini ndani ya eneo moja. Ukichora ramani ya maisha ya kazi yake ya awali, nusu ya Bulgaria inabaki nyeupe. Usiuone huo kuwa upungufu. Nitaurudia hapo chini.

Shishmanov alisomea ualimu Vienna, akarudi kufundisha, kisha akaondoka tena kusoma. Darasa lake hasa ni lile lililofunguliwa Sofia mwaka 1888, kozi ya juu ya ualimu ambayo mwaka 1904 ikawa chuo kikuu. Yeye alikuwa miongoni mwa walioianzisha. Wanafunzi wake walikuwa walimu watarajiwa, vijana ambao wangerudi vijijini na kalamu mfukoni. Hawa wawili wa kwanza waliwafundisha watoto; huyu aliwafundisha watakaowafundisha.

Daftari

Hapa ndipo penye nyama, na hapa ndipo walipoachana kabisa.

Slaveykov alikusanya methali. Alikusanya na nyimbo pia, lakini methali ndizo zilizomshika maisha yote. Methali ni punje: ndogo, ngumu, inabebeka. Unaisikia kwa mama anayeosha vyombo, unaendelea na safari yako, jioni unaiandika. Wabulgaria husema “kapka po kapka, vir”, tone kwa tone, dimbwi, na msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapo: haba na haba hujaza kibaba. Husema pia kazi ya haraka ni aibu ya fundi. Na kikundi chenye mapatano huinua mlima.

Mwaka 1877, wakati wa vita vya Urusi na Osmania, Slaveykov alikuwa akifundisha Stara Zagora. Mwezi wa Julai majeshi ya Osmania yaliurudia mji, ukachomwa. Nyumba yake ikaungua na maandishi yake ndani, pamoja na maelfu ya methali alizokuwa amezikusanya kwa miaka na miaka.

Niliposoma hilo kwa mara ya kwanza niliifunga kompyuta nikakaa kimya. Miaka michache iliyopita niliwarekodi wazee wanne wakitegeana vitendawili, saa mbili na zaidi, yote kwenye kadi ya simu. Siku moja simu ikaniuliza kama nataka kuipangilia upya ile kadi, nami nikabonyeza ndiyo huku naongea na mtu. Wawili kati ya wale wazee hawapo tena. Sijalinganisha maumivu yangu na ya mtu aliyechomewa mji. Ninachosema ni kwamba tangu siku hiyo nakisoma kitabu cha Slaveykov kwa jicho lingine, maana kitabu kipo. Alianza tena. Sehemu ya kwanza ya methali zake ilitoka mwaka 1889, ya pili mwaka 1897, yeye akiwa kaburini miaka miwili. Kwa jumla ni zaidi ya methali 17,000.

Kwa nini aliweza kuanza tena? Kwa sababu methali hukaa kichwani, mwa mkusanyaji na mwa watu waliompa. Moto uliichoma karatasi, haukuichoma mitaa yote aliyopita. Lakini punje zina hasara yake: ukiwa na methali 17,000 hujui kila moja ilisemwa na nani, akimwambia nani, wamekasirika au wanacheka. Mwanafunzi anayetaka muktadha atahangaika na Slaveykov.

Huyo ndiye wa Marinov. Mwaka 1891 alianza kutoa mfululizo alioupa jina Zhiva starina, “mambo ya kale yaliyo hai”, na akauendeleza hadi 1914, juzuu saba. Angalia anwani yake ndogo: uchunguzi wa Vidin, Kula, Belogradchik, Lom, Berkovitsa, Oryahovo na Vratsa. Wilaya saba, zote za kaskazini-magharibi. Ile ramani yenye nusu nyeupe ndiyo nguvu yake. Hakuandika “Wabulgaria hufanya hivi”. Aliandika watu wa wapi hufanya nini, saa ngapi, kwa mkono gani.

Chukua badnik, gogo la mkesha wa Krismasi. Kijana wa nyumba anaingia msituni kukata mti, mwaloni au mpea. Mti ukianguka hauachwi ugonge ardhi. Anauweka begani, bega la kulia, anakuja nao hadi mlangoni, na kuna maneno ya kusalimiana na walio ndani kabla hajavuka kizingiti. Gogo linatobolewa tundu kwenye upande mnene. Humo hutiwa divai, mafuta na ubani, tundu likazibwa kwa nta, na ncha ikafungwa kitambaa kama mtoto mchanga. Kisha linawekwa motoni na halitakiwi kuzimika hadi asubuhi. Anayekesha nalo anatazama cheche: zikiwa nyingi, wana-kondoo na vifaranga watakuwa wengi.

Mambo ya namna hiyo huwezi kuyarudisha kwa kumbukumbu baada ya moto. Bega gani? Tundu upande gani? Yakipotea, yamepotea. Ndiyo maana Marinov anachosha kusoma mfululizo na ni hazina ukijua unatafuta nini. Hakuishia kwenye sikukuu na imani. Juzuu kadhaa zinahusu sheria za mila: mali ya familia kubwa inayoishi pamoja, waiitayo zadruga, inagawanywaje, nani anarithi, kosa gani linaadhibiwa vipi na wanakijiji kabla polisi hajafika. Unaona mkono wa mtu aliyewahi kukaa mahakamani na kugundua kwamba kitabu cha serikali na akili ya kijiji havisomi ukurasa mmoja.

Anayemfahamu Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyefundisha Kiswahili Berlin na kuandika desturi za Waswahili zilizochapishwa mwaka 1903, atajisikia nyumbani kwa Marinov. Ni mwalimu yuleyule anayeeleza kwao bila kuomba radhi na bila kupamba.

Shishmanov je? Huyu hukumwona sana akiwa amechuchumaa jikoni kwa bibi fulani. Mchango wake wa kwanza ni ghala. Mwaka 1889 Wizara ya Elimu ilitoa juzuu ya kwanza ya mkusanyiko wa fasihi simulizi, sayansi na maandiko ambao Wabulgaria huuita kwa kifupi SbNU, naye akaufungulia kwa makala ndefu kuhusu maana na kazi ya ethnografia yao, yaani elimu ya mila na desturi za watu. Walimu wa vijijini wakaanza kuleta walichonacho. Mfululizo huo umepita juzuu sitini, na ndani yake, mwaka 1914, ndimo kilimotoka kitabu kikubwa cha Marinov kuhusu imani za watu. Hapo unaona mmoja anajenga ghala, mwingine anajaza magunia.

Mchango wake wa pili ni kulinganisha. Kuna wimbo wa maiti ndugu: mama ana wana tisa na binti mmoja, Petkana. Wachumba wanatoka mbali, mama hataki, ila mwanawe Lazar anaahidi watakuwa wakienda kumtembelea. Tauni inakuja, wana wote tisa wanakufa. Mama anawalilia makaburini, kwa Lazar anatoa laana badala ya machozi. Lazar anafufuka, kaburi linakuwa farasi, anamfuata dada yake na kumleta nyumbani. Njiani ndege wanaimba: ilionekana wapi, aliye hai kutembea na mfu? Wimbo huu upo kwa Wabulgaria, Wagiriki, Waserbia, Waalbania. Shishmanov alikusanya matoleo mengi ya mataifa hayo, akayapanga, akayafuata nyuma hatua kwa hatua, na kwenye uchunguzi aliouchapisha kati ya 1896 na 1898 akahitimisha kwamba chimbuko ni kwa Wagiriki.

Soma tena sentensi hiyo ukikumbuka shairi la Slaveykov dhidi ya askofu Mgiriki. Taifa changa, lina kiu ya kila kilicho chake, na mtaalamu wake mkuu anasimama kusema wimbo huu mnaoupenda tuliupokea kwa jirani. Kwangu mimi huo ni ujasiri kuliko hotuba nyingi za bungeni.

Siasa

Tukija kwenye madaraka, Slaveykov ndiye mwenye hadithi ya kusimuliwa. Istanbul, mji ambao Wabulgaria waliuita Tsarigrad, aliendesha magazeti, Gayda la kejeli na baadaye Makedonia, akipigania kanisa huru. Huko huko alifanya kazi ya kusanifu tafsiri ya Biblia iliyotoka 1871, na kazi hiyo ikasaidia kuipa lahaja ya mashariki kiti cha mbele katika Kibulgaria sanifu. Mwaka 1879 alikuwa mjumbe wa bunge la katiba lililokaa Tarnovo, mji uleule aliofukuzwa kijana. Mwaka 1880 akawa spika wa bunge, kisha kati ya mwaka huo na 1881 waziri wa elimu, halafu wa mambo ya ndani.

Raha haikudumu. Masika ya 1881 Mwanamfalme Alexander, mtawala wa nchi, aliivunja serikali na kuisimamisha katiba. Slaveykov na Petko Karavelov, kiongozi mwenzake wa Chama cha Kiliberali, wakajikuta Plovdiv, katika jimbo la Rumelia Mashariki ambalo kisheria bado lilikuwa la Sultani. Waliopigania uhuru miaka yote wakaenda kutafuta uhuru wa kuandika chini ya bendera ya yuleyule wa zamani. Kama ni mwalimu wa uraia, somo lako la wiki nzima limo humo.

Marinov ndiye mwanasiasa mdogo kuliko wote, nakuambia wazi usije ukanilaumu. Upande wake ulikuwa wa Stefan Stambolov, waziri mkuu wa mkono wa chuma kati ya 1887 na 1894, na mwaka 1909 alichapisha kitabu kinene kuhusu mtu huyo na historia ya nchi. Tatizo ni kwamba utawala wa Stambolov ndio uliomfunga Karavelov, rafiki wa Slaveykov. Ukiwasoma wawili hawa pamoja, unagundua mkusanyaji wa methali na mkusanyaji wa mila wasingekaa meza moja kwa amani. Ajabu ya kalenda: Slaveykov alikufa Julai 1895, na mwezi huohuo Stambolov akakatwakatwa kwa visu barabarani Sofia.

Shishmanov alikuwa waziri wa elimu kuanzia 1903 hadi 1907. Chini yake mambo mengi ya utamaduni yalisimama, na mwaka 1906 makumbusho ya ethnografia yakatengwa kuwa taasisi inayojitegemea. Mkurugenzi wa kwanza? Dimitar Marinov. Mtu wa Leipzig na mtu wa Lom wakakutana hapo.

Kisha Januari 1907 ukazinduliwa ukumbi wa Tamthilia ya Taifa. Wanafunzi wa chuo kikuu walijipanga nje wakamzomea Mwanamfalme Ferdinand, mtawala aliyemfuata Alexander, kwa miluzi. Serikali ikakifunga chuo na kuwafukuza maprofesa wote. Shishmanov, waziri mhusika, akajiuzulu. Hakwenda uhamishoni, hakulala jela. Alirudi kwenye vitabu, na mwaka 1918 akatumwa Kyiv kama balozi wa Bulgaria, mahali ambapo alikuwa na undugu wa aina yake: mkewe Lidia alikuwa binti wa Mykhailo Drahomanov, msomi wa Ukraine aliyemalizia maisha yake akifundisha Sofia. Bei kubwa zaidi ilikuja kulipwa na mwanawe Dimitar, mwandishi na waziri wa mambo ya nje, aliyehukumiwa na “Mahakama ya Umma”, mahakama ya utawala mpya ulioletwa na mapinduzi ya 1944, na kupigwa risasi mwaka 1945.

Kuwafikia leo

Kibulgaria kinaandikwa kwa herufi za Kisirili. Zinajifunzika kwa wiki moja ukiwa na nia, na ukizijua tu, hata bila lugha, utaweza kutafuta jina kwa maandishi yake halisi na kupata mara kumi ya unachokipata kwa Kilatini. Slaveykov utamkuta pia kama Slaveikov, Shishmanov kama Šišmanov. Marinov ana balaa lake: ni jina la kawaida mno, utaletewa wachezaji mpira na wafanyabiashara. Ongeza daima neno Vidin au etnograf.

Jihadhari na tarehe. Bulgaria ilitumia kalenda ya Juliasi hadi 1916, kwa hiyo tukio moja la karne ya 19 lina tarehe mbili zinazopishana siku 12. Chagua moja, sema umechagua ipi.

Kwa mtu aliyeko Ulaya na anayeweza kufika, Slaveykov ndiye rahisi. Sofia kuna uwanja wa jina la familia yake, na kwenye benchi la shaba wameketi yeye na Pencho, watu wanajibana katikati yao kupiga picha. Tryavna kuna nyumba ya familia iliyogeuzwa makumbusho. Marinov umtafute ndani ya makumbusho aliyoyaanzisha, ambayo siku hizi yamo katika jumba la zamani la kifalme Sofia. Hutamwona yeye, utaona nguo, nyungo na mizinga. Shishmanov ana vitu vichache vya kuona na kugusa. Yeye ni mtu wa maktaba.

Kwa asiyeweza kusafiri, mambo yanageuka kidogo. Kazi ya Shishmanov kuhusu wimbo wa maiti ndugu hutajwa sana na watafiti wa Ulaya, hivyo utamfikia kupitia maandishi ya wengine. Methali za Slaveykov unaweza kuzifanyia kazi hata kwa kamusi tu. Marinov anataka lugha yenyewe, au mtu wa kukusomea.

Uchague kwa hali yako

Kama unafundisha watoto wa sekondari na unataka darasa lisilale, chukua Slaveykov. Kuna kufukuzwa kazi, kuna moto, kuna uspika, na kuna methali za kuandika ubaoni na kuwauliza wanafunzi waitafutie kila moja ndugu yake wa Kiswahili. Anawafaa pia waandishi wa habari na yeyote anayejiuliza kama mshairi ana la kufanya bungeni.

Kama uko karibu kwenda kijijini kwenu na daftari, au bibi yako bado yupo na unajua anachokijua, kaa na Marinov. Usimsome kwa ajili ya maisha yake, ambayo kwa kweli yana matukio machache ya kusisimua; msome kwa ajili ya maswali yake. Bega gani, saa ngapi, nani anaanza kusema. Wanaosomea sheria na wanajiuliza mirathi ya kimila iliandikwaje kwa watu wengine watamfaidi zaidi ya wote.

Kama unaandika tasnifu, au unafanya kazi wizarani, chuoni, makumbusho, mahali ambapo mambo ya watu wengine yanapita mezani kwako, basi ni Shishmanov. Yeye anajibu maswali ya mtu mwenye ofisi: nani apokee, nani apange, nani alipe uchapaji, na siku ya kuondoka uondokeje. Anamfaa vilevile mtu aliyechoshwa na mabishano ya “hii ni yetu, si yao”, awe anabishania wimbo, chakula au vazi.

Ukiwa na nafasi ya wawili, usiwachukue Slaveykov na Shishmanov kwa sababu tu wote walikuwa mawaziri. Watafanana mno karatasini. Marinov na Shishmanov ndio jozi yenye mvutano, na mwaka 1906 unawafunga pamoja.

Na kama una siku mbili tu kabla ya kuwasilisha, kama alivyokuwa yule kijana wangu alipomaliza kuzungushwa na mimi, ni Slaveykov bila kusita. Anza na Stara Zagora, rudi nyuma Tarnovo, maliza kwa 17,000. Yeye alifanya hivyo akapata alama nzuri. Majuzi nimemwona maktaba na kijitabu cha herufi za Kisirili. Anasema anamtafuta Marinov.